Sura ya Saba: Wapiga Kura Wasiosahau

"Nilitokea mlango wa mbele," alisema Dean Murgatroyd.

"Asubuhi ulisema wa nyuma," Inspekta Noreen Sugden alimkumbusha.

"Basi ni wa nyuma."

"Na jana uliapa kwamba hukumbuki."

Dean alijifunika uso kwa viganja. Wakili wake wa zamu, binti mmoja aliyebanwa na mafua, alimgusa bega kumwonya anyamaze, lakini Dean alikuwa mtu wa maneno. Ndiyo kazi iliyomweka mjini. Miaka kadhaa sasa alikuwa akiwapigia watu simu kwa niaba ya kampuni ya kura za maoni ya Brearley, akiwauliza wangekipigia chama gani, na kutukanwa kwa ajili hiyo.

"Mama, siku nzima masikio yangu ni Leba, Konsavativu, Reform, na 'nyote wezi tu'. Nikivua hedifoni kichwa kimekuwa uji. Mlango ni mlango. Nilitoka."

"Ukaenda wapi?"

"Nikazungukazunguka. Nikapita duka la samaki na chipsi, wamefunga. Au walikuwa ndiyo wanafunga."

"Mara ya kwanza ulisema ulinunua."

"Nilitaka kununua!"

Noreen alifumba macho kidogo, akayafumbua. Alikuwa hajalala vya kutosha tangu Jumapili jioni, siku ambayo Sheila Pogson, msimamizi wa wapiga simu pale Brearley, aliokotwa chini ya ngazi za chuma akiwa na ufa kichwani. Mchana wa siku hiyo hiyo Sheila alikuwa amesimama katikati ya chumba cha simu akipiga kelele kwamba kazi ya Jumamosi ina majibu ya kupikwa, watu waliobuniwa ambao hakuna aliyewahi kuwapigia. Majibu hayo yaliingizwa kwenye kompyuta kwa namba ya Dean. Sheila alimfukuza palepale, mbele ya wenzake. Mtu mchana unga wake umemwagika, jioni aliyeumwaga yuko sakafuni hajitambui. Mrakibu Farrar, mkuu wa kituo, alisema hapo hata mtoto wa chekechea angejumlisha.

"Ijumaa nina kesi," Dean alisema, na sauti yake ikashuka. "Mahakama ya familia. Mama yake Elsie anataka kuhamia naye Cornwall, kule mwisho wa nchi. Elsie ana miaka sita. Mkinifungulia mashtaka leo, hakimu Ijumaa hataniangalia hata usoni. Nitampoteza mwanangu, mama. Kwa kitu ambacho sikukifanya."

Wakili alipiga chafya. Noreen alisubiri amalize.

"Nipe kitu kimoja," alisema. "Kimoja tu unachokikumbuka sawasawa kuhusu kazi ya Jumamosi."

Dean aliwaza. Polepole, kwa mara ya kwanza tangu akamatwe, alitabasamu.

"Kuna mzee wa kule Tanyard Lane. Jagger. Muda wote tunaongea alikuwa anagombana na mkewe. Bibi akamwambia, 'Wilf, nitakupiga na mwiko.' Nilicheka mpaka Sheila akanitolea macho."

"Na hayo majibu ya kupikwa?"

"Sikuyapika. Ningepika kwa faida gani? Wanatulipa kwa saa, siyo kwa vichwa."

Noreen alizima mashine ya kurekodi, akainuka. Magoti yalimlalamikia.

Farrar alikuwa akimngoja kwenye korido, amekunja mikono kifuani.

"Saa mbili usiku muda wa kumshikilia unakwisha, Noreen. Ama tumshtaki, ama tumwachie. Na mimi sina hamu ya kumwachia. Keshokutwa ni uchaguzi mdogo, waandishi wamejaa hapo nje wanataka kujua nani alimvunja kichwa mama wa kura za maoni."

"Bado maelezo yake yanapishana, bosi."

"Si ndiyo ninachosema? Mwongo hujichanganya."

Hayo ndiyo Noreen aliyokuwa akiwafundisha askari wapya maisha yake yote ya kazi, na siku hiyo hakuwa na nguvu za kubishana na maneno yake mwenyewe.

---

Ofisi za Brearley zilikuwa ghorofa ya juu ya kiwanda cha zamani cha sufu, kando ya mfereji. Sajini Imran Qadir alitangulia kupanda ngazi za chuma, akirukaruka mbilimbili. Noreen alipanda moja moja, ameshikilia reli, na alipofika pale juu alipoanzia kuanguka Sheila alisimama kuvuta pumzi. Reli ilikuwa ndefu na imara. Mtu hadondoki hapo kwa kujikwaa tu.

"Jikaze, afande," Imran alimtania. "Pensheni iko ghorofa inayofuata."

"Ikiwa huko, waipeleke chini."

Dokta Hugh Lumley, mkuu wa takwimu, aliwapokea chumbani kwake. Alikuwa mrefu, mkavu, na sweta yake imefungwa vifungo vyote. Alimimina chai bila kuuliza, akageuza vishikio vya vikombe vyote vielekee upande mmoja.

"Nilishawaeleza," alisema, "lakini nitarudia. Jumapili nilitoka ofisini saa kumi na moja, nikaenda moja kwa moja nyumbani Ilkley, nikapasha supu ya jana, nikasikiliza muziki redioni mpaka simu ilipolia."

Imran alimtupia Noreen jicho. Yalikuwa maneno yale yale ya jana, kwa mpangilio ule ule, hata supu. Noreen aliandika tena.

"Tufundishe kidogo kazi yenu, Dokta. Ule mchoro ukutani unasema nini?"

Lumley aligeuka kwa furaha ndogo ya mtu aliyeulizwa habari za wajukuu. Mchoro ulikuwa na mistari ya rangi: mwekundu wa Leba ukiteremka tangu uchaguzi mkuu, wa buluu wa Konsavativu umelala chini, ule wa feruzi wa Reform ukipanda, na wa kijani wa Greens ukiufuata kwa nyuma.

"Skelbeck hii, Inspekta, zamani mtu alizaliwa Leba akazikwa Leba. Siku hizi wanahama vyama kama wanavyohama kampuni za umeme. Wamechoka. Ukiwauliza wanakwenda wapi, hata wao hawajui. Wanajua tu wanapoondoka."

"Na Alhamisi nani anashinda?"

"Kampuni nyingine zote zinasema Leba, kwa mbinde." Alikunywa chai. "Sisi mpaka Ijumaa tulikuwa tunasema Leba ni wa tatu."

"Peke yenu?"

"Peke yetu."

"Na kazi ya Jumamosi ilisemaje?"

"Hiyo siijui. Sheila hukagua kabla yangu, ndiyo utaratibu wetu, na Jumapili aliifunga kabla haijanifikia. Sijaifungua, sijaiona. Yule kijana Dean alipika, basi, ndilo ninalolijua. Wapiga simu hupika, Inspekta. Wanataka kwenda nyumbani."

Noreen alichovya biskuti kwenye chai. Nusu ilikatika ikazama.

"Kuna swali moja mnalowauliza watu, nimeliona. Walikipigia chama gani uchaguzi uliopita. La nini, wakati matokeo yanajulikana?"

"Kwa sababu yanajulikana!" Lumley alisogea mbele kwenye kiti. "Nikihoji watu nikakuta wanaodai walipigia Konsavativu ni wengi kuliko waliopiga kweli, najua mzani wangu umeinama. Nawapunguza hawa, nawaongeza wale, mpaka kundi langu lifanane na mji wenyewe."

"Na watu husema kweli?"

"Watu husahau. Tena husahau kwa raha zao." Alitabasamu bila meno. "Robo karne sasa kazi yangu ni kuwasahihisha."

Walipokuwa wakishuka, Imran alisema kwa sauti ya chini, "Ndiye yule, afande. Uchaguzi mkuu uliopita alitabiri kinyume cha wenzake wote, akachemsha. Wachekeshaji wa televisheni walimkalia mwezi mzima. Kuna mmoja alijivika sweta kama ile ile akawa anatabiri hali ya hewa."

"Nilicheka mimi," Noreen alisema. "Nakumbuka nilicheka."

---

Mvua ilikuwa inanyesha ile ya Skelbeck, isiyoanza wala isiyokwisha, waliposimama mbele ya nyumba ya akina Jagger. Farrar alishapiga simu kuuliza wanapoteza muda wapi. Noreen alimwambia Imran asipokee tena.

Mzee Wilf Jagger alifungua mlango akiwa na sandali za sufu. Nyuma yake sauti ya mwanamke iliuliza ni nani, na kama ni mgombea aambiwe wenye nyumba wamekufa.

"Ni polisi, Brenda!"

"Basi waingie, wanalowa. Karibu ndani, kipenzi. Pangusa miguu. Wewe kijana pia, pangusa."

Sebule ilikuwa na joto la kutosha kuivisha maandazi. Noreen alikaa, akauliza moja kwa moja kama Jumamosi walipigiwa simu ya kura za maoni.

"Nilipigiwa," Wilf alisema. "Kijana mzuri. Anacheka."

"Alicheka kwa sababu ya upuuzi wako," Brenda alisema, ametokea jikoni ameshika mwiko.

Imran aliuangalia mwiko, akaandika haraka kwenye daftari lake. Noreen alihisi mabega yake yanalegea kidogo. Basi Dean alipiga simu. Angalau hiyo moja ilikuwa ya kweli.

"Alikuuliza utapigia nani Alhamisi?"

"Reform. Naenda nao safari hii."

"Na uchaguzi uliopita, ulimwambia ulipigia nani?"

"Reform hao hao."

"Mwongo mkubwa wee!" Brenda alipiga mwiko kwenye mkono wa kochi. "Ulipiga Leba! Bango lao lilikaa dirishani pale miezi!"

"Lilikuwa lako lile."

"Langu? Mimi niliwapigia Lib Dem, kwa ajili ya yule mama wa zahanati, na wewe ukaninunia hata chai hukunywa."

"Brenda, siwezi kuwa niliwapigia Leba. Sijawapenda tangu waliponinyang'anya ruzuku ya kupasha nyumba joto."

"Hiyo ilikuja baada ya uchaguzi, Wilf! Baada! Uliwapigia, ndiyo wakaingia, ndiyo wakakunyang'anya!"

Mzee aligeuka taratibu akaangalia dirisha. Kwenye fremu, pembe nne, rangi nyeupe ilikuwa imebanduka mahali gundi ya bango iliposhika. Alikwenda akagusa pembe moja kwa kidole.

"Lo," alisema. "Lakini mimi nakumbuka. Nakumbuka kabisa naweka alama kwa Reform. Hata kalamu naikumbuka."

Alitia huruma. Hakuwa anamdanganya mtu. Alikuwa amehama chama, na kumbukumbu nayo ikahama naye. Brenda aliona, akaacha kumchamba, akamwekea mkono mgongoni.

"Keti, mzee wangu," alisema. "Nikuwekee chai."

Noreen alibaki amelikodolea macho lile dirisha mpaka Imran akakohoa.

---

"Fungua hiyo kompyuta," alisema walipoingia garini. "Kazi ya Jumamosi, ile nakala tuliyochukua. Nataka wale wa kweli wa Dean, wenye simu zilizopigwa. Uchaguzi uliopita wanasema walipigia nani?"

Imran alisoma akiwa amepachika kompyuta juu ya magoti. "Mchanganyiko mtupu. Jagger, Reform. Huyu 'sikumbuki'. Huyu 'sikumbuki'. Huyu anasema Leba, halafu 'au labda sikupiga'. Wengi wanadai Reform, wengi mno kwa kweli. 'Sikumbuki' tena. Huyu kamwambia Dean akafanye mambo yake."

"Sasa wale wa kupikwa. Wale ambao kampuni ya simu inasema hawakupigiwa."

Imran alishuka na kidole kwenye kioo. Akarudi juu, akashuka tena.

"Hakuna aliyesahau."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Wote wanajua walipigia nani. Ngoja niwajumlishe." Vipangusa vya kioo cha gari vilikwenda na kurudi. "Afande. Leba, Konsavativu, Reform, wote. Ni matokeo ya uchaguzi uliopita hapa Skelbeck, vile vile yalivyotangazwa. Hayapishani hata kwa nukta."

"Na Alhamisi watapigia nani, hao watu wa ajabu?"

"Leba. Wa kutosha kuwavusha kutoka wa tatu mpaka mbele kidogo."

"Kama kampuni nyingine zinavyosema."

"Kama zinavyosema zote."

Noreen aliegemeza kichwa kwenye kiti. Majibu hayo hayakupikwa na mtu aliyetaka kwenda nyumbani mapema. Aliyeyapika alikuwa na mahali alipotaka yafike, na njiani hakuweza kuvumilia kumwacha mtu hata mmoja akosee.

"Lumley," Imran alisema.

"Anajua kwamba watu husahau. Katuambia mwenyewe, kwa mdomo wake. Lakini ilipofika zamu yake kuwatengeneza, akawatengeneza kama alivyotamani siku zote wawe. Mkono umezoea kusahihisha."

"Lakini matokeo yale yako mtandaoni, afande. Wakili wake atasema Dean angeweza kuyanakili tu."

"Atasema."

"Basi tunamtegemea Sheila aamke."

Kama aliyeitwa, simu ya Imran ililia. Alisikiliza, akasema "naam" mara kadhaa, akakata. Uso wake ulikuwa umeshaeleza nusu ya habari.

"Hospitali. Sheila kafungua macho. Anamjua dada yake, anajua jina lake, kaomba maji. Jumapili yote imefutika. Hakumbuki hata kwenda kazini."

Noreen alicheka kicheko kikavu. Mji mzima huu, na aliyekumbuka kila kitu alikuwa mtu wa kubuni.

"Mpigie Lumley," alisema. "Mwambie kwa heshima na taadhima kwamba kuna inspekta mzee hapa kituoni, hesabu zimemshinda, anaomba msaada wake. Atakuja. Huyo haachi kosa lipite."

---

Alikuja, tena na mwavuli umekunjwa vizuri. Saa ya ukutani katika chumba cha mahojiano ilikuwa inakaribia saa moja na nusu, na Farrar alishapita mlangoni mara mbili akigonga mkono wake penye saa. Noreen alimwambia Lumley kwamba hakukamatwa, kwamba mazungumzo yanarekodiwa, na kwamba akitaka wakili au akitaka kuondoka, mlango uko wazi. Lumley alisema hana sababu ya kuondoka.

"Kwanza tuthibitishe tu," Noreen alisema. "Kazi ya Jumamosi hujawahi kuiona."

"Sijaifungua, sijaiona."

"Haya. Mimi sina kichwa cha hesabu, utanisamehe. Nataka kumwelewa Dean alipikaje." Alipekua karatasi zake ovyo, akadondosha mojawapo, akainama kuiokota huku akiguna. "Hawa watu wake wa kubuni. Naona robo yao wanasema hawakumbuki walipigia nani mara iliyopita. Hilo ni jambo la kawaida?"

Lumley alikunja uso. "Robo?"

"Robo hivi. Hawakumbuki."

"Hapana."

"Siyo kawaida?"

"Hapana, nasema siyo robo. Umesoma vibaya."

"Imeandikwa hapa, Dokta. Na Leba, waliosema walipigia Leba, naona ni kama nusu..."

"Siyo nusu!" Alinyoosha mkono kutaka karatasi. Uso wake ulikuwa na maumivu ya kweli, kama mtu anayetazama picha iliyotundikwa upande. "Nani kakufanyia hesabu hizi? Hakuna 'sikumbuki' hata moja mle. Leba ni asilimia thelathini na tisa, thelathini na tisa kamili, na Konsavativu..."

Mkono ulibaki hewani juu ya meza.

Imran aliacha kuandika. Noreen alizipanga karatasi zake taratibu, na sasa hakuonekana mzembe tena.

"Hujaifungua," alisema. "Hujaiona."

Lumley alirudisha mkono wake, akauweka juu ya mwenzake.

Noreen alimkamata hapohapo, akamsomea haki zake neno kwa neno, akamuuliza tena kuhusu wakili. Lumley alitikisa kichwa. Alikuwa amenywea ndani ya sweta yake.

"Nilikuwa nimewaweka wengine wasahau," alisema hatimaye. "Mwanzoni. Nilijua inapaswa. Halafu nikaona haikai sawa, nikawafuta."

"Tuambie Jumapili."

"Sheila alinifuata jioni. Kila mtu keshaondoka. Alikuwa ameyapitia tena. Akaniambia, 'Hugh, Dean hawezi hata kugawanya bili ya chakula. Hii ni kazi ya mkono wako.' Nilimsihi. Akatoka, akafika juu ya ngazi, akasema anampigia simu Dean saa hiyo hiyo amwombe radhi. Alikuwa ameshaitoa simu." Alitazama mikono yake. "Nilitaka simu tu. Niliivuta. Alipoiachia alikuwa anarudi nyuma."

"Ukamwacha pale."

"Nilirudi ofisini kwangu. Nikapanga meza. Sijui kwa nini nilipanga meza. Simu yake niliitupa mferejini."

"Alikuwa anapumua, Dokta. Alipumua pale peke yake mpaka mlinzi alipokuja."

Lumley alifumba macho. Noreen alikasirika, akaiacha hasira ionekane usoni, hakuwa na nguvu za kuificha.

"Kwa nini?" aliuliza. "Ungeacha namba zako kama zilivyo. Nani angekuua?"

"Wote walikuwa wanasema kitu kimoja. Kampuni zote. Sisi tu ndio tulikuwa kule. Hujui kuwa peke yako namna ile, ukaja ukakosea, nchi nzima ikakucheka dukani, kwenye treni. Nilitaka tu safari hii tuwe pamoja na wenzetu."

"Na kama zile za kwanza ndizo zilikuwa sahihi?"

Lumley alimtazama.

"Tangu Jumapili ndicho kinachoninyima usingizi," alisema.

Noreen aliona aibu kwa niaba yake, kwamba katika yote hayo hilo ndilo lililomnyima usingizi. Alizima mashine.

---

Dean alikuwa amesimama mbele ya dawati la mahabusu akirudishiwa vitu vyake: mkanda, kamba za viatu, kibanio cha nywele cha mtoto chenye kipepeo. Kamba zilimshinda kuingiza kwenye matundu, akazitia mfukoni. Wakili wake alikuwa ameshakwenda kulala na mafua yake. Farrar alipita, akamwangalia Noreen, akasema "Vema," kama mtu anayetema mbegu, akaenda kuongea na waandishi.

"Sheila ameamka," Noreen alimwambia Dean.

"Kasemaje?"

"Hakumbuki siku yenyewe. Lakini aliyemwangusha amesema. Kabla hajaanguka alikuwa ametoa simu akupigie wewe. Akuombe radhi."

Dean alitazama sakafu. Kidevu kilimcheza, machozi yakamtoka bila sauti, akayapangusa kwa mkono wenye kile kibanio.

"Nilimwita majina mabaya mchana ule," alisema. "Mbele ya watu."

"Naye alikuita. Mtayamaliza."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa utakwenda mahakamani kama mtu yeyote. Nitamwandikia hakimu mwenyewe kwamba huna doa."

Alipumua kwa nguvu. Kisha akainua kidole, uso wake umechangamka ghafla.

"Mama! Nimekumbuka. Siyo wa mbele wala wa nyuma. Nilitokea mlango wa pembeni, ule wa mapipa ya taka. Naapa."

Imran alikohoa kuficha kicheko. Noreen alimtazama mtu huyu aliyenusurika, na maelezo yake manne ya mlango mmoja, na usingizi wa siku tatu ukamwelemea wote kwa pamoja.

"Dean."

"Naam?"

"Hakimu akikuuliza kitu usichokikumbuka, mwambie hukumbuki. Usimtafutie jibu. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Haya, nenda ukampigie Elsie simu kabla hajalala."

Dean aliwashika mikono wote wawili, hata yule askari wa dawati, akageuka akaondoka kwa haraka, viatu vikimpwaya, moja kwa moja kuelekea mahabusu alikotoka. Imran alimkimbilia, akamshika bega, akamgeuza upande wenye mlango.